Kibao cha tani darajani: piga hesabu kabla hujapakia (kwa madereva wa malori Mtwara na Lindi)

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa maswali yanakuwa yaleyale. Dereva mgeni katoka Dar au Morogoro, kapewa Fuso, kaambiwa akafuate mzigo chama cha msingi huko ndani Tandahimba au Nachingwea, anafika kwenye kidaraja anakuta kibao cha 10t, afu ndo anapiga simu: "Kaka, mimi nimebeba tani nane tu, si napita?" Hupiti. Na mwingine anauliza tairi za mbele zishapanda mbao, sasa hapo mimi nikushauri nini?

Shika hili kwanza, mengine yatafuata. Namba ya kwenye kibao ni gari na kila kilichomo ndani yake, sio mzigo peke yake. Chuma cha gari kimo, mafuta yamo, wewe na utingo mmo, spea tairi imo, hata wale wamama waliokuomba lifti juu ya magunia wamo. Kwa hiyo kupita au kutopita kunaamuliwa ghalani unapopakia, darajani unaenda kuhakikisha tu.

Mwongozo huu ni wa Canter, Fuso na tipa zaidi, kwa sababu hao ndo wanaoingia vijijini. Wa semi na puling (lori linalovuta tela) msikimbie, yenu yapo pia ila machache.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

- Kadi ya gari, au picha yake kwenye simu inayosomeka vizuri. Unachotafuta humo ni uzito mtupu na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari hilo.
- Risiti ya mizani ya safari iliyopita kama unayo. Hii ni mali, usiitupe, maana inakuonyesha gari lako lina uzito gani kweli na sio wa kwenye makaratasi. Ukipata nafasi ya kupima gari likiwa tupu, pima.
- Simu yenye kikokotoo na chaji. Huko ndani ya Liwale mtandao unakuja na kuondoka, hesabu piga ukiwa mjini.
- Tochi, gumbuti, fimbo imara kama mita moja na nusu, reflekta mbili, kamba.
- Namba ya dereva anayepita njia hiyo wiki hii. Wa mwaka jana hafai, mvua moja inabadilisha kila kitu.
- Namba ya karani wa ghala unakokwenda, na ya mtendaji wa kijiji ukiweza kuipata.

Hatua ya 1: Jua barabara unayokwenda ni ya nani

Lami kubwa ya Dar–Kibiti–Lindi–Mingoyo–Mtwara ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa), na ile ya Mingoyo kwenda Masasi, Mangaka mpaka Tunduru vilevile, pamoja na barabara za mkoa. Ukikunja kuingia vijijini mara nyingi upo kwenye barabara ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na hapo kila kitu kinabadilika: madaraja mafupi, ya mbao au ya zege jembamba, kalavati za zamani, drifti (njia ya zege ambayo maji yanapita juu yake).

Watu wanaogopa madaraja makubwa, wakati kwa gari la uzito halali yale hayana shida. Daraja la Mkapa pale Rufiji linakaribia kilomita moja, limefunguliwa 2003, semi zinapita usiku na mchana. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lipo tangu 2010. Kazi ipo kwenye kidaraja cha mita sita ambacho hakina hata jina, kipo kati ya kijiji na kijiji, na ndicho kinachobeba korosho za watu wote wa huko.

Hatua ya 2: Soma kibao vizuri

Kibao cha uzito ni duara lenye ukingo mwekundu na namba ndani. Namba peke yake na t, mfano 10t, ni uzito wa gari zima pamoja na mzigo. Ukiona kuna mchoro wa ekseli (mtaimbo unaoshika tairi za kushoto na kulia) na tairi zake mbili, hiyo namba ni ya ekseli moja. Wengi wanaona 8t yenye ekseli wanadhani gari zima ni tani nane, wanageuza bure. Wengine wanafanya kinyume chake, na hao ndo wanaolala mtoni.

Vikiwa vibao viwili, vyote vinakuhusu. Lazima upite kwa uzito wa gari zima NA kwa ekseli.

Kosa la kawaida: "nimepita mizani, kwa hiyo nimeruhusiwa." Mizani inakupima kwa sheria ya barabara kwa ujumla, ile ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 ambayo kwetu imeanza kubana 2019. Hiyo inasema ekseli ya mbele ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10, tandamu (ekseli mbili za pamoja) tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24, na gari lote lisizidi tani 56. Kidaraja cha kijijini hakijui hayo. Na ile nafuu ya asilimia 5 ya ekseli unayopewa mizani usije nayo kwenye kibao cha daraja, kumi ni kumi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gari lako (hapa ndo kwenye kazi)

Nakupa mfano mzima uufuate, ubadilishe namba uweke za gari lako.

Fuso ya ekseli mbili, kadi inasema uzito mtupu kilo 5,200. Njia ina daraja la 10t, yani kilo 10,000.

Gari tupu: 5,200
Dizeli lita 200: kama 170 (lita moja ya dizeli haifiki kilo, ni kama gramu 840)
Wewe na utingo: 150
Spea, jeki, turubai, kamba, mbao za kuwekea: 200
Jumla kabla hujapakia hata gunia: 5,720

Toa kwenye 10,000 unabaki na 4,280. Huo ndo mzigo wako, basi. Gunia la korosho ni kilo 80, ukigawa unapata gunia 53 na kidogo. Sasa usipakie 53. Gunia lenyewe tupu nalo lina uzito, mzani wa ghalani unaweza kudanganya, matope ya Januari yanaganda chini ya gari na hayo ni kilo pia. Pakia 50, utakuwa kwenye 9,720, ukiongeza uzito wa magunia yenyewe uko kwenye 9,800 hivi. Hapo una pumzi.

Bosi akisema kuna gunia 200 ghalani na anazitaka leo, jibu ni trip nne. Ndo hivyo, sio ukorofi. Au soma hatua ya 4.

Mizigo mingine ya huku kwa haraka: simenti mfuko kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja, kwa Fuso ya mfano wetu mwisho ni mifuko 80 hivi. Maji lita 1,000 ni tani moja kamili. Mchanga ndo unaoua watu: mita moja ya ujazo ukiwa mkavu ni kama tani 1.6, ukilowa unakaribia tani 2, na mchanga unachotwa mtoni, ukiwa mbichi unachuruzika maji! Mwenye tipa, usihesabu kwa ndoo ya kijiko wala kwa "bodi imejaa nusu". Pima bodi kwa mita, urefu mara upana mara kina cha mchanga, zidisha kwa 2 upate tani, hutajuta.

Na Fuso tandamu? Likiwa tupu tu linaweza kuwa na tani 8 au 9. Kwenye daraja la 10t hilo linapita tupu, na hata hapo kwa shingo upande. Ukiambiwa upeleke tandamu kwenye njia ya kibao cha kumi, kataa mapema upewe Canter.

Wa semi: horse (kichwa kinachovuta tela) ya ekseli tatu na tela la ekseli tatu kisheria mwisho ni 8 + 18 + 24, yani tani 50, sio 56. Hiyo 56 inahitaji ekseli zaidi. Mnaobeba makaa ya mawe kutoka Songea kuja bandarini Mtwara mnalijua hili. Mgeni halijui, anasikia "hamsini na sita" anajaza. Mzigo unaozidi hapo una kibali chake maalum, na mwenye mzigo aanze kukifuatilia kabla gari halijatoka yadi, sio dereva akiwa njiani.

Hatua ya 4: Uliza njia, afu panga mzigo

Piga simu zile namba. Usiulize "barabara ipoje?" maana utajibiwa "inapitika" na wewe hujui inapitika na nini, bodaboda au lori. Uliza hivi: lori gani limepita jana, lilikuwa na mzigo au tupu, daraja la wapi lina kibao, maji yamefika wapi.

Njia yetu hii ina tabia moja mbaya. Korosho zinaanza kutoka Oktoba, mvua zinaingia kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Yani mzigo unakuwa mwingi kipindi udongo unalainika na maji yanakula kingo za madaraja. Daraja lililokubeba Oktoba usilihesabie Februari.

Kama hesabu imekataa una njia tatu. Kupunguza na kwenda trip nyingi. Kuzunguka njia nyingine hata kama ni ndefu (pandisha bei mapema, usije ukalia na mafuta). Au kufaulisha: lori kubwa linabaki upande wa barabara nzuri, Canter inavuka na mzigo mdogo mdogo inakuletea. Kufaulisha kunaudhi, vibarua wanataka pesa mara mbili na turubai linafunguliwa mvua ikikutazama, ila nimeona kunavyookoa msimu.

Kupanga mzigo: uzito uende mbele kidogo ya ekseli za nyuma, usirundike mkiani. Mzigo wa mkiani unazidisha ekseli ya nyuma na unanyanyua usukani, ukifika kwenye tuta la kupandia daraja gari linakuwa jepesi mbele. Ukirundika kwenye kichwa nako ile tani 8 ya mbele unaipita mara moja.

Hatua ya 5: Ukifika, simama mbali, ushuke

Mita thelathini kabla, handbreki, gia, jiwe kwenye tairi. Shuka wewe mwenyewe, usimtume utingo peke yake. Abiria wote wa juu chini, wavuke kwa miguu.

Angalia hivi vitu, kwa mpangilio huu:

Kwanza maingilio, pale udongo unapokutana na daraja. Hapa ndo malori mengi yanapozama, sio katikati. Maji yanapita nyuma ya ukuta wa daraja yanakula udongo kutoka chini, juu unaona barabara nzima kumbe ndani pako wazi. Chukua ile fimbo uchome, hasa kwenye kona ya ukuta kushoto na kulia. Ikizama mpaka mkononi bila kukwama, hapo hapana barabara, pana ganda la udongo tu. Angalia pia mstari wa ufa unaokatiza barabara karibu na daraja, au sehemu iliyodidimia kidogo ikashika maji.

Pili, chini. Shuka mpaka uone miguu ya daraja kwa tochi. Ukuta ulioinama, zege lililomenyeka nondo zinaonekana zina kutu, gogo kubwa lililoletwa na maji likakwama pale chini. Hilo gogo linasukumwa na maji nalo linasukuma daraja.

Tatu, juu. Daraja la mbao kanyaga mbao moja moja. Msumari uliochomoza kichwa maana yake mbao inacheza kila gari likipita. Mbao inayotoa unga ukiichokonoa na gumbuti imeoza hata kama juu inang'aa. Daraja la chuma la kuungaunga, angalia pini za maungio kama zote zipo. Pini iliyopotea ni habari mbaya.

Nne, maji. Kama maji yanapita juu ya daraja na huoni kingo zake, safari imeishia hapo mpaka yapungue. Yakipungua rudia ukaguzi wote upya, maana maji ndo yamekula yakiwa juu.

Hatua ya 6: Kuvuka

1. Hakikisha hakuna gari jingine juu wala linalokuja. Moja moja. Hata kama mwenzako ni Noah tupu, subiri.
2. Utingo avuke kwanza kwa miguu asimame ng'ambo, pembeni, sio chini ya daraja na sio mbele ya gari.
3. Weka gia ya kwanza au ya pili kabla hujapanda na usiibadilishe juu. Mwendo wa mtu anayetembea.
4. Pita katikati. Kwenye daraja la mbao lenye njia za mbao za tairi, fuata hizo njia zenyewe.
5. Usikanyage breki juu na usivute mafuta ghafla. Ukikaa taratibu kwenye kitanda cha kamba kinakubeba, ukijirusha kinakatika na uzito wako ni uleule, na breki ya lori juu ya daraja ni kujirusha.
6. Fungua kioo, zima redio. Daraja la mbao linalia kidogo na hiyo kawaida. Mlio wa kupasuka mkavu sio kawaida.
7. Usisimame mpaka tairi za nyuma kabisa zitoke na zipite yale maingilio ya upande wa pili.

Kuna imani kwamba ukipita kwa kasi daraja "halipati muda wa kubeba". Uongo mtupu. Kasi inaongeza kishindo, hasa pale kwenye kidaraja kuna kishimo cha kuingilia. Na wale wa "mbona wenzangu wanapita kila siku na tani kumi na tano", ndiyo, kila mmoja anakula kidogo, wa mwisho ndo anayetangazwa redioni.

Mambo yakienda kombo

*Kibao hakipo.* Vinang'olewa vinauzwa chuma chakavu, au kutu imekula namba. Kutokuwepo kibao sio ruhusa. Uliza mtendaji wa kijiji au ofisi ya TARURA ya wilaya, na ukikosa jibu chukua kibao kidogo kuliko vyote ulivyopita kwenye njia hiyohiyo.

*Nimeshafika na nimezidi.* Rudi nyuma mpaka sehemu pana, weka reflekta, ita gari dogo ufaulishe. Kwenye puling unaweza kulikata tela ukaliacha upande salama, ukavuka na gari la mbele tu, ila hilo gari la mbele nalo lipigie hesabu yake upya. Usishushe mzigo juu ya daraja wala mdomoni pake, magunia mia yakikaa sehemu moja nayo ni uzito.

*Bosi anasema pita tu.* Mwambie akuandikie meseji kwamba ameona kibao cha tani kumi na gari lina tani kumi na sita na anakuagiza uvuke. Wengi hapo wanabadilika wanakuwa wapole ghafla. Jibu kwa heshima, "sawa bosi, nisaidie kuandika," na usivuke.

*Mizani wanasema gross (uzito wa gari zima) iko sawa ila ekseli imezidi.* Mzigo umekaa vibaya. Omba kuupanga upya, hamisha magunia kutoka upande uliozidi, pima tena. Gross ikizidi hapo hakuna kupanga, ni kushusha na faini.

*Nimesikia mlio au limeshuka nikiwa juu.* Ukiwa ushapita katikati, endelea vilevile taratibu mpaka utoke. Kama ni tairi za mbele tu zimepanda, rudi kinyumenyume utingo akikuongoza. Ukitoka weka matawi na reflekta pande zote mbili, mpigie mtendaji, usiondoke kimya kimya ukamwachia basi la jioni.

*Tairi ya nyuma imezama kwenye maingilio.* Kwanza shusha mzigo, ndo uvute. Watu wanaleta lori la pili lisimame juu ya daraja livute kutoka pale, na hapo mnatafuta kupoteza malori mawili. Anayevuta akae kwenye ardhi ngumu, mnyororo uwe mrefu, watu wote wakae mbali nao.

*Lami yenyewe imekatika.* Hutokea hata barabara kuu. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na waliotaka kufika Lindi na Mtwara ilibidi wazungukie Songea na Masasi. Ukikuta mchepuko wa kifusi pembeni ya daraja lililoharibika, ukague kama daraja: fimbo kwenye kingo, gari moja moja, na kama kalavati za chini zimeziba na maji yanapanda upande mmoja usiingie hata kama foleni nyuma wanapiga honi.

*Tupu napita, kurudi na mzigo je?* Piga hesabu ya kurudi kabla hujaenda. Ghalani utakuta magunia yashapangwa nje na vibarua wanakusubiri, na karani hana shida na daraja lako, kwa hiyo mpigie kabla hujatoka mjini umwambie gari lako mwisho gunia ngapi, aandike hivyohivyo kwenye karatasi yake.